Kiti cha Kulia

Saa nne asubuhi, Agosti 1954, ndege ndogo ya matembezi ilipaa kutoka Eldoret. Abiria alikuwa mwalimu Rosebella Nabwire, aliyeshinda safari hiyo kwenye maonyesho ya kilimo. Rubani Mzungu alikuwa amemkataza kusema angani.

Juu ya eneo la Soy, rubani aliinamia dirisha la kushoto kumwonyesha mashamba. Upande wa kulia ndege nyingine ilikuwa ikiwajia.

"Bwana, ndege! Kulia!"

"Nilisema nyamaza!"

Rosebella akamvuta bega. Rubani akageuka, akaona, akaishusha ndege ghafla. Ile nyingine ikapita juu yao.

Walipotua rubani alifoka, "Nani alikuruhusu kunigusa?"

"Hukuangalia. Ningekugusa tena."

Aliyefuata kwenye foleni ya washindi waliosubiri kuruka alikuwa karani Kituyi. Rosebella akamwambia mbele ya rubani, "Ukiona ndege, mvute bega."

Kituyi akapanda, akakaa kulia.