Mguu Uliozoea Bega

Fundi Musoni, anayetengeneza miguu ya bandia pale Mbarara, alimtazama Papa akivuka chumba, kisha akaniita.

"Wewe, dada. Kule nyumbani ulikuwa unatembea na yeye namna gani?"

Nilitazama chini. Papa akanijibia: "Alikuwa ananisindikiza tu."

"Anakusindikiza ama unamlalia?"

Kweli, alikuwa ananilalia. Mguu ule una betri, na mota kwenye goti, na unajifunza mwendo wa anayeuvaa. Wiki nzima kule Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi tunakoishi, Papa alifanya mazoezi akiwa ameshika bega langu, ingawa tulikatazwa. Basi mguu ukajifunza mtu anayeegemea. Sasa akiwa peke yake, goti lilichelewa kunyooka, naye akayumba kama mlevi.

"Sikia, mzee," Musoni akasema. "Mguu huu ni wa kujaribu. Leo ukishindwa kutembea peke yako, nampa mwingine."

Hata mimi nilikuwa na la kupoteza. Shangazi Marcienne alikuwa amenipatia kazi ya kushona kule Kaberebere, na Papa alikuwa amesema siku atakayotembea peke yake ndiyo siku atakayoniruhusu kwenda. Sikuwa nimemwambia hata mara moja jinsi ninavyoitaka kazi ile. Kwetu mimi ndiye wa kunyamaza.

Musoni aliunganisha mguu na simu yake, akabonyeza. "Nimefuta yote. Sasa haujui kitu."

"Basi tuko wawili," Papa akasema.

Musoni akacheka. Mimi sikuweza.

Tukatoka nje. Papa alitakiwa kushuka mteremko hadi getini, kisha arudi. Mimi niliambiwa nisimame kando ya njia, nisimguse.

Hatua za kwanza zilikuwa mbaya. Mota ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Kisha hatua zikaanza kufanana, na Papa akainua kichwa. Alipofika mbele yangu, pale mteremko unapoanza, goti likakunjika ghafla. Akainamia upande wangu, mkono ukitafuta bega. Lilikuwa karibu kabisa.

Nikarudi nyuma.

Mkono ukashika hewa. "Belyse!"

Papa akakanyaga chini kwa nguvu, mota ikavuma, goti likakazika. Akasimama pale, jasho likimtiririka, akinitazama kama mtu asiyenijua. Kisha akashuka hadi getini, akarudi. "Basi mguu ni wako, mzee," Musoni akasema.

Tulipanda teksi ya kurudi kambini hadi Rwekubo. Tuliposhuka kwenye teksi nikamsogelea kama kawaida, nikamshika. Akauondoa mkono wangu.

"Ungeniacha nianguke?"

"Ndiyo, Papa."

Hakuwahi kunisikia nikijibu hivyo. Akaanza kutembea. Nikamfuata kwa nyuma.

"Utaondoka lini?" akauliza bila kugeuka.

"Jumatatu."