Mkanda wa Cherehani

Kwa miaka thelathini na moja nimeisimulia habari ya moto wa duka letu la ushonaji, na sijawahi kubadilisha hata neno. Nimeisimulia jikoni, misibani, hata kwa watu waliokuja kupunguziwa suruali tu. Moto ulianzia kwenye pasi ya mkaa. Wifi yangu akatoka mbio amekumbatia kichwa cha cherehani kama mtoto mchanga, akamwacha mama yake mzazi ndani ya moshi. Mama mkwe alitoka baadaye, peke yake, mkono wa kushoto umeungua. Mwisho nilikuwa nasema, "Chuma kilitangulia, mama akafuata." Watu wakiguna, mimi nanyanyua kikombe changu cha chai.

Wifi huyo, ambaye mtaa mzima unamwita Sindano kwa sababu ya ulimi wake, aliacha kukanyaga kwangu mwaka uleule. Tukikutana msibani tulisalimiana kama watu waliopanga foleni.

Sasa mjukuu wangu anasoma historia chuoni, na mwalimu wao amewataka kila mmoja aandike habari za kazi ya ukoo wake. Akaja na daftari, akavuta kigoda, nami nikammwagia yote. Nilipomaliza hakuguna.

"Bibi," akauliza, "wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Nikamwambia nilikuwa dirishani, upande wa nje, ndiyo kwanza narudi kutoka kununua nyuzi. Akaandika. Akataka kujua pale dirishani nilikuwa naona nini. Nikasema naona mlango na meza ya kukatia. Na cherehani? Cherehani ilikuwa nyuma ya pazia, wanakopimia watu nguo. Akaandika na hilo, kisha akasema kesho atakwenda kwa Bibi Sindano.

Nilinuna. Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne lakini nilikuwepo, na yeye na vitabu vyake, wakati huo mama yake hata hakuwa ameolewa. Hakukasirika, mtoto huyu ana moyo wa babu yake. Alinisogezea shali magotini, akasema, "Nikiandika ya kwako peke yake, Bibi Sindano atabaki mtu aliyemwacha mama yake motoni, hata sisi wote tukishakufa. Hakutakuwa na wa kumuuliza."

Nilimpa bahasha ya karatasi za vipimo za mama mkwe, kazi ya mikono yake, angalau apate cha kushika. Bahasha yenyewe nilikuwa nimeifunga kwa mkanda wa zamani wa cherehani, ule wa ngozi unaounganisha kichwa na gurudumu la chini. Ni mimi niliyefunga mpya baada ya moto, huu wa zamani, uliotoka pamoja na kichwa, nikaona aibu kuutupa.

Mjukuu akaufungua, akaugeuza. "Huu haukuungua wala haukukatika wenyewe. Umekatwa."

Nikauchukua. Ncha zilikuwa laini kabisa, mkato mmoja, wa mkasi mkubwa. Na mkasi mkubwa pale dukani ulikuwa mmoja tu. Mama mkwe aliuvaa shingoni kwa utepe, hakuna aliyeugusa. Mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, aliwahi kuchapwa kofi kwa kuutumia kukatia karatasi. Kwa hiyo mkanda ule ulikatwa na mama mkwe mwenyewe, nyuma ya pazia, akiwa na binti yake. Mkanda umekaa kabatini mwangu miaka yote hiyo, na sikuwahi kujiuliza.

Siku iliyofuata mjukuu hakwenda peke yake.

Sindano alikuwa kibarazani anafumua mkono wa sare ya shule. Aliniangalia kuanzia viatuni. "Umepotea njia, wifi?"

Nikamwekea mkanda mapajani. "Nani aliukata?"

Aliukunja kidoleni, akaukunjua. "Leo ndiyo unaniuliza."

"Leo ndiyo nakuuliza."

Basi akasema, taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mama aliukata mkanda, akambebesha kichwa cha cherehani, akamsukuma mlangoni, akamwambia yuko nyuma yake. Hakuwa nyuma yake. Alirudi kukusanya nguo za wateja. Baadaye alimwomba binti yake asiseme, maana aliona aibu kwamba alimtwisha mtoto wake chuma kizito katikati ya moshi. Sindano akanyamaza kwa ajili ya mama, na mama alipokufa akanyamaza kwa ajili ya hasira.

Nikamwambia nilikosea. Nikamwambia na lile nisilowahi kulisimulia, kwamba pale dirishani nilisimama tu. Miguu ilikataa. Pengine ndiyo maana nilihitaji mtu wa kumsema.

Sindano akasema na yeye ana lake: kwa miaka hiyo amekuwa akiwaambia watu kwamba ni mimi niliyeiacha pasi wazi. Nikaapa niliifunga. Akaapa haikufungwa. Mjukuu akaandika: haijulikani. Tukamgeukia wote wawili kwa pamoja, hatukulipenda neno hilo hata kidogo, naye akacheka mpaka kalamu ikamdondoka.

Aliniuliza kama afute ukurasa wangu wa kwanza. Nikamwambia auache, ila juu yake aandike kwamba hivi ndivyo alivyosema aliyesimama dirishani.

"Na uandike," Sindano akasema, "kwamba dirishani kulikuwa na kaupepo kazuri."

Jumamosi nilisikia kiatu mlangoni. Sindano aliingia bila kubisha hodi, akaketi kwenye kiti cha kaka yake, akaomba chai yenye sukari nyingi. Mteja mmoja wa suruali, mtu asiyejua yaliyosemwa kibarazani, akaniomba nimsimulie tena ule moto. Nikaanza. Nilipofika kwenye pasi, Sindano aliweka kikombe chini, akasema, "Hapo nisaidie, wifi. Rudi nyuma kidogo."

Nikarudi.