Msomaji wa Kwanza

Kitindamimba alikuwa akiandikia tovuti ya marejeo, ile wanayoifungua walimu wanaotaka kujua namna ya kutunga masomo ya mtandaoni. Kila ukurasa wake ulisomwa kwanza na mama yake, mwalimu mstaafu asiye na simile. Mama aliusomea jikoni, simu mkononi, miwani puani. Akikwama, ukurasa haupandi mtandaoni.

"Mwanafunzi akikwama, kosa ni la somo," alizoea kusema. "Rudi kaandike!"

Ukurasa wa kupanga malengo ya somo ndio uliomtoa jasho. Mama alikwama hatua ya pili. Kitindamimba akakata sentensi. Mama akakwama tena. Kitindamimba akaweka picha, akaweka mishale, akaweka hata sauti yake mwenyewe ikieleza pole pole. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akarudi hatua ya kwanza kama mtu ambaye ndiyo kwanza anaiona.

"Dada, umebakiza nini cha kukata?" mhariri wa tovuti alimtania ofisini. "Huu hata mbuzi angeuelewa. Tuupandishe."

"Mama hajauelewa."

Mhariri alicheka, halafu kicheko kikamkauka. "Zile kurasa za zamani, alizozipitisha mwenyewe... umewahi kumpa tena?"

Kitindamimba aliwaka. Alibeba mkoba wake akaondoka bila kuaga, na njia nzima alimsuta mhariri moyoni. Hasira ilimfikisha hadi mlango wa jikoni, ikamtupa hapo.

Alimfungulia mama ukurasa wa kwanza kabisa aliowahi kuuandika, ule ambao mama aliusoma mara moja tu, akaulalamikia mkato mmoja, akaupitisha. Kidole cha mama kilishuka hadi hatua ya pili. Kikasita. Kikarudi juu.

Kitindamimba alivuta kiti, akaketi.

"Anaeleza vizuri huyu," mama alisema. "Kafundishwa na nani?"

"Na wewe, Mama."

"Mimi? Hebu nitolee masihara yako!" Mama alicheka mpaka miwani ikateleza. "Nimefundisha lini mimi?"

Kitindamimba alimrudishia miwani mahali pake. Mama aliitazama simu tena, na safari hii uso ulimnywea.

"Nakwama hapa, mwanangu. Nisamehe. Kosa ni langu."

"Hapana, Mama." Aliichukua simu taratibu, akaigeuzia kwake, akajifanya anafuta. "Kosa ni la somo. Narudi kuandika."