Akala Zilizopinda Angani

Nakuam alikuwa akikoroga uji boma lake lilipoanza kuzunguka. Lilizunguka polepole, nyumba, choo na mbuzi wawili pamoja, nyuma ya soko la mifugo la Isiolo. Uji ukaegemea ukingo mmoja wa sufuria. Akaishika vizuri, akaendelea kukoroga.

"Mama Elijah, choo chako kimepita jikoni kwangu tena," jirani yake Galgalo alisema kutoka ng'ambo ya ua.

"Kisalimie tu kikipita."

Kilichomnyima usingizi ni tajiri mmoja aliyedai kwamba ploti zote za hapo ni zake. Wapimaji wa ardhi wangekuja siku hiyo. Nakuam alikuwa amemwita kaka yake, Lodio, ambaye husoma mambo yajayo kwa kurusha akala, viatu vyake vya tairi, kama wazee wa Kiturkana wanavyofanya. Zikilala zikielekea mlango wa nyumba, kaa. Zikielekea barabara, hama.

Lodio alisimama katikati ya boma akarusha. Akala zikapinda kulia angani, zikalala zikielekea barabara. Akarudia. Zikapinda tena.

"Hama, dada," alisema kwa sauti ndogo.

Nakuam akaanza kukunja blanketi.

Kule kwake, Galgalo alicheka mpaka akakohoa. "Wewe mzee! Akala zimeenda moja kwa moja. Ni mlango umekimbia!"

Lodio alifikiri, kisha akavuka ua, akasimama kwa Galgalo, kwenye ardhi isiyozunguka. Mlango ulipokaribia, akarusha. Akala zikaenda sawa, zikalala mbele ya kizingiti, zikielekea mlango.

"Kaa," alisema.

Nakuam alikaa palepale, juu ya blanketi, akacheka huku machozi yakimtoka.

Wapimaji walifika mchana. Kila kigingi walichopigilia bomani kiliondoka na boma, na kamba yao ikapinda kama mkia wa mbuzi. Mkubwa wao alichungulia kwenye darubini ya kupimia, akatapika, akasema ardhi ya namna hiyo haipimiki.

Ploti ya Galgalo ilikuwa imetulia. Waliipima bila shida, na kufikia jioni ilikuwa imezungushiwa waya wa tajiri.

Galgalo alisubiri lango la Nakuam lipite, akaingia na godoro kichwani. Nakuam aliinua birika, na chai ikapinda.

"Sogeza kikombe kushoto, jirani. Bado. Bado kidogo. Hapo."