Mama, Natoka!

Hii utanibishia, na wala sitakulaumu, maana hata Fumie mwenyewe, akiwa kwenye maji ya moto mpaka shingoni, alidhani joto limempanda kichwani. Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta, kwenye bafu la wanaume. Sauti ya mumewe. Mumewe aliyefariki theluji ya mwaka jana ikiyeyuka!

Ngoja kwanza, turudi asubuhi.

Asubuhi hiyo Fumie alishuka treni Kinosaki na wifi yake, Kikue, dada wa marehemu Seiji. Fumie na Seiji walikuwa na duka la tofu, ile jibini ya maziwa ya soya, kule Toyooka. Kazi ya tofu ni kazi ya maji baridi. Kila alfajiri mapande yanaelea kwenye pipa, na mikono inazama humo kuyakata na kuyatoa, kiangazi, kipupwe, hakuna kudeka. Vidole vya Fumie vilikuwa vimevimba vifundo kama tangawizi. Ndiyo maana kila majira ya baridi Seiji alikuwa akifunga duka siku moja, anamleta kwenye mji huu wa mabafu saba ya chemchemi ya moto, watu huyazunguka moja baada ya jingine. "Leo," anasema, "tunaenda kuichemsha hiyo mikono."

Ila mabafuni humo wanaume kwao, wanawake kwao, na ukuta katikati. Ukuta wenyewe haufiki darini. Basi Seiji akishaiva anagonga beseni sakafuni mara mbili, ko-ko, anapaza sauti bila haya: "Mama, natoka!" Fumie anajibu, "Haya, Baba!" Wanatoka pamoja, asije mmoja akasimama kwenye theluji na nywele mbichi.

Nje Seiji anakuwa ameshampa mgongo, anatazama mto, anajifanya hana habari na mtu. Akisikia mitalawanda ya mbao ya mkewe ikigonga mawe, ananyoosha mkono nyuma. Hageuki! Seiji hakuwa mtu wa kushikana mikono mbele za watu, dukani hata kwa jina alikuwa hamwiti mkewe. Huo mkono wa nyuma ulikuwa wa siku moja kwa mwaka.

Mwaka huu Fumie alikuja kwa jambo moja tu, na hakumwambia mtu. Alitaka kujua kama anaweza kutoka majini bila kuitwa.

Bafu la kwanza, hakuweza. Alikaa tu, anatazama ukuta.

"Wifi, tukutoe kwa upawa?" Kikue akauliza, huku amemshika kwapani.

La pili vilevile. La tatu, Kikue alishindwa kuvumilia. "Jitazame! Pweza wa kuchemsha ana nafuu. Inuka, watu watakuja na mchuzi wao."

Fumie alicheka. Akainuka kwa kuvutwa.

Kwenye bafu la tano Kikue akasema taratibu, "Kaka yangu alikuwa na sauti ya chura. Na bado unaisubiri." Wakacheka tena, halafu kila mmoja akajimwagia maji usoni kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

La sita likammaliza Kikue miguu. "Mimi nakungoja stesheni. Ukiyeyukia humo, mikoba yako siibebi, nakwambia."

Basi la saba Fumie akaingia peke yake. Mvuke mzito, taa zimefifia ndani yake. Akazama, akafumba macho, akaweka mikono yake ya tangawizi magotini.

Ko-ko.

"Mama, natoka!"

Chura yuleyule! Mkwaruzo uleule!

"Haya, Baba!" Mdomo wa Fumie ulijibu kabla ya Fumie.

Mlango wa upande wa pili ukaburuzwa, ukafungwa. Ndipo akafumbua macho akatazama kando. Kwenye pembe, bibi mmoja mnene alikuwa ameketi kwenye kigoda anaosha nywele, maji yanamtiririka masikioni.

"Samahani, mama," Fumie akasema. "Nadhani mzee wako anakuita."

"Eh?"

"Mumeo. Anatoka."

"Aah, mwache atoke!" Bibi akacheka, povu limemjaa shavuni. "Kila mwaka ananikimbiza huyo. Leo agande kidogo, mchana kanimalizia kaa wangu wote."

"Lakini nimeshamjibu..."

Bibi alikuwa ameshajimwagia beseni jingine. Fumie akamtazama anavyosugua nywele polepole, sehemu moja, halafu nyingine. Mtu mwenye muda.

Akainuka. Akajifuta, akavaa joho lake la pamba, na wakati anafunga mkanda ndipo akagundua kwamba hakuna aliyemvuta. Ametoka mwenyewe. Au ameitwa? Akakaza fundo.

Nje theluji ilikuwa inashuka kimya. Mzee mmoja amesimama anatazama mto, taulo shingoni, mvuke unampanda kichwani. Hakuwa Seiji. Alikuwa mfupi zaidi, bega moja limelala. Fumie aliona hivyo vizuri kabisa, tusimsingizie. Njia ya stesheni ilipita hapohapo nyuma yake.

Akatia miguu kwenye mitalawanda. Ko. Ko. Ko.

Shingo ya mzee ikatikisika kidogo.

"Leo umewahi, Mama," akauambia mto. Na bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma.

Fumie akasimama. Ndani, beseni lilisikika likimwagwa tena. Kiganja cha yule mzee kilikuwa wazi mbele yake, chekundu, bado kina joto la maji. Theluji ikadondoka juu yake, ikayeyuka. Ikadondoka nyingine, ikayeyuka. Vidole vikajikunja mara moja, kama vinauliza.

Mkono wa Fumie ulikuwa umeshatoka kwenye joho.

Wewe ungefanyaje?