Wimbo wa Tisa

Albamu yetu ya kwanza ina nyimbo tisa, na nane kati yake si zetu. Ni bluzi za Wamarekani weusi, watu waliokufa kabla mama zetu hawajazaliwa. Tulizipiga miaka mitatu katika hoteli za Diani, kwa gitaa la umeme na ngoma za kishindo, mpaka wageni wengine wakadhani tumezitunga sisi. Albamu tuliiita Nguo ya Kuazima. Swabir, mpiga ngoma wetu, alisema tunajitukana wenyewe, maana kila mtu wa pwani anajua nguo ya kuazima haisitiri nini.

"Ndiyo sababu kuna wimbo wa tisa," nilimwambia. "Huo ndio wetu."

Nilisema wetu, lakini penye jina la mtunzi niliandika langu peke yangu. Maneno niliyatunga mimi. Mahadhi niliyatoa kwenye ngoma ya kayamba iliyopigwa nyumbani kwetu nilipokuwa na miaka kumi na tisa, siku mama yangu alipokuwa akitibiwa pepo aliyemlemea bega la kulia. Nilisimama nje ya ua wa makuti, nikarekodi kwa simu. Niliona ni wimbo wa ngoma tu, hauna mwenyewe, na nikiubadilisha maneno utakuwa wangu. Miaka mitatu wageni walinipigia makofi kwa kuimba machozi ya watu wengine. Nilitaka kimoja kiwe changu.

Jumamosi asubuhi albamu ilitoka mtandaoni. Saa nane mchana mimi, Swabir na Thoya, mpiga gitaa wetu, tulikwenda Gazi ili mama aisikie na kutuombea dua. Tulimkuta kibarazani, amekaa mkekani akichagua mchele.

"Shikamoo mama," Thoya alisema.

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Huko hotelini mnalishwa makofi?"

Swabir aliweka spika sakafuni, akafungulia wimbo mmoja baada ya mwingine. Mama alisikiliza bila kuinua macho.

"Huyu analia nini?"

"Kaachwa na mke, mama," nilisema.

"Na huyu?"

"Huyu kaachwa na mke na gari moshi."

"Wanaume wa huko wana kazi," alisema, akatupa kijiwe uani. "Haya, wako uko wapi?"

Wa tisa ukaanza. Gitaa la Thoya lilishuka hatua tatu, Swabir akaingia nyuma yake akitikisa mbegu kwenye kopo. Mkono wa mama ukasimama ndani ya ungo. Nilidhani amependa. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, kwanza la kushoto, kisha yote mawili, na ungo ukapinduka. Mama akasimama, yeye ambaye kwa magoti yake huinuka kwa kushika ukuta. Sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya mwanamume, na haikuwa na neno hata moja ninalolijua.

Nilikuwa nikisimuliwa mambo hayo. Sikuwa nimeyaona.

Dakika ya nne wimbo ulianza kufifia, kama tulivyouacha studio, sauti ikipungua kidogo kidogo hadi ikafa. Mama hakufa nao. Aliendelea kuzunguka katika kimya kile, akipiga nguzo kwa viganja, akigeuza kichwa huku na huku, kama mtu aliyeachwa njiani na mwenziwe.

"Mwanarusi," Swabir alisema. "Huu wimbo uliutoa wapi?"

"Kwenye kayamba ya mama."

"Ya mama? Subhanallah, kila pepo ana wimbo wake. Hupandishwa kwa huo na hushushwa kwa huo. Mwisho wake uko wapi?"

"Siujui. Wasichana tulifukuzwa hata pale nje ya ua kabla haujaisha."

Ndiyo maana tuliuficha ujinga wangu kwa kupunguza sauti, tukauita mtindo.

Nilimpigia Mzee Rai, mganga wa Mkongani aliyemtibu mama. Simu iliita muda mrefu.

"Shikamoo babu. Ni Mwanarusi, binti Subira wa Gazi. Mama amepanda na hakuna wa kumshusha."

"Marahaba. Nani aliyempandisha?"

"Sisi. Tumeupiga wimbo wake kwa gitaa la umeme."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Ukaishia wapi?"

"Katikati."

"Weka sauti kubwa. Huyo mwenye gitaa anifuate, asinitangulie."

Thoya alichomoa gitaa kwenye mfuko, akalipiga kavukavu bila spika. Mzee aliimba kutoka Mkongani, sauti ikikatika kila mtandao ulipolegea, na Thoya akiziba mapengo. Nilikuwa nikidhani mwisho unatulia. La. Unapanda, unazidi kupanda, kisha unakatwa mara moja kama kamba. Ulipokatwa, mama alikaa chini. Alitazama huku na huku, akatutazama sisi.

"Nani kamwaga mchele wangu?"

Akashika bega lake la kulia, akalizungusha. Akalizungusha tena.

"Jepesi," alisema. "Miaka ishirini na miwili, leo jepesi. Rai, umemfukuza?"

"Sijamfukuza," simu ilisema. "Mwanarusi, wimbo huo mmeuandika ni wa nani?"

"Wangu, babu."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu wote."

"Basi pepo naye kasikia. Pepo ana kiti chake, yule anayemkalia, na kiti hujulikana kwa wimbo. Umeuchukua wimbo, umechukua na mwenyewe."

"Na nikilifuta jina langu?"

"Atarudi alikozoea."

Swabir aliniletea simu yake, ukurasa wa albamu uko wazi. "Futa," alisema kwa sauti ya chini. "Zibaki nane. Shirki hii mimi simo, na hotelini hakuna atakayejua."

Jina langu lilikuwa pale, herufi ndogo nyeupe. Kidole kilikuwa juu yake. Upande wa pili wa kibaraza mama aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa ili afunge leso vizuri. Tangu nizaliwe sijamwona akiinua mikono yote miwili. Hakunitazama. Nadhani aliogopa kunitazama.

Nikamrudishia Swabir simu yake.

"Thoya, ule mwisho umeushika?"

"Nimeushika."

"Upige tena. Polepole, niufuate."

Aliniangalia usoni, kisha akaniangalia bega la kushoto likitikisika, na vidole vyake vikakosa nyuzi.