Rimoti Kama ya Lyle

Kijicho kilimwanza Verlin mwaka jana, jirani yake Lyle alipokaa kitini na bia yake, akabonyeza rimoti, fataki zikaruka zenyewe. Verlin alikuwa bado anahangaika na kiberiti, nyusi zimemwungua.

Sikukuu ya Uhuru ilipokaribia tena, alitinga kwenye hema la kuuzia fataki. "Nataka rimoti kama ya Lyle. Ile ile!"

"Basi kapatane naye, kila mmoja aweke namba yake," muuzaji alimwonya. "Zote zinatoka kiwandani na namba moja ya kuwashia."

"Mimi nikapatane na Lyle? Thubutu!"

Alizipanga fataki zake nyuma ya banda lake, kwa siri, hata mkewe asijue. Giza lilipoingia akaenda uani kwa Lyle pamoja na majirani, rimoti mfukoni, akimngoja mwenyeji amalize ndipo amfunike.

Lyle akabonyeza. Fataki za nyua zote mbili zikalipuka kwa mpigo, mbingu nzima ikawaka. Watu wakapiga makofi na mbinja.

"Lyle, mwaka huu huna mpinzani!" ilipaa sauti moja kuliko zote.

Ilikuwa ya Noreen, mke wa Verlin.